Wiki ya Kwanza ya Ndama



Mtu akienda kununua mtamba, iwe Arumeru, Njombe au Nyandarua, maswali yake huwa yale yale. Mama yake alikamuliwa lita ngapi? Dume lilikuwa la aina gani? Amechanjwa? Ana mimba, na kama anayo ni ya miezi mingapi? Mnunuzi makini ataomba kadi ya uhimilishaji aione namba ya dume. Swali moja sijawahi kulisikia likiulizwa, si mnadani wala zizini: mimba iliyomleta mtamba huyu ilitungwa wapi? Tumboni mwa mama yake, au kwenye kisahani cha maabara? Jioni ya leo nataka niwashawishi kwamba swali hilo lina uzito, na kwamba jibu lake linastahili kuandikwa mahali lisipopotea, kwa sababu yanayompata ndama katika wiki ya kwanza kabisa ya uhai wake, akiwa bado chembe isiyoonekana kwa macho, yanaweza kumfuata mpaka uzeeni.

Kwanza tutenganishe mambo, maana huchanganywa mno. Uhimilishaji tuliouzoea, ule wa mtaalamu kuja na mtungi wake wa naitrojeni na mrija wa mbegu, haukigusi kiinitete hata kidogo. Mbegu inawekwa, yai linarutubishwa mahali pake pa asili, na kiinitete kinakua mle mle. Kazi hiyo Kenya imekuwa ikifanywa na kituo cha Kabete tangu miaka ya 1940, na Tanzania tunacho Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River, Arusha. Kwa mada ya leo, sina wasiwasi nayo.

Njia ya pili ni uhawilishaji wa viinitete. Ng'ombe bora anachomwa homoni ili akomaze mayai mengi kwa mpigo, anahimilishwa, na baada ya siku saba hivi viinitete vinaoshwa kutoka kwenye mji wa mimba na kupandikizwa kwa majike wengine watakaobeba. Hapo kiinitete kinakaa nje kwa muda mfupi tu.

Njia ya tatu ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti leo. Mayai yanavutwa kwa sindano kutoka kwenye ovari za ng'ombe aliye hai, yanakomazwa maabara kwa takriban siku moja, yanarutubishwa kisahanini, kisha viinitete vinalelewa humo kwa siku kama saba, vikiogelea katika majimaji yaliyotengenezwa na binadamu. Ndama wa kwanza wa yai lililorutubishwa kisahanini alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1981, miaka mitatu tu baada ya Louise Brown, mtoto wa kwanza wa binadamu aliyetungwa nje ya tumbo. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya watafiti wachache. Leo ni biashara kubwa. Tangu mwaka 2016, viinitete vya ng'ombe vilivyotengenezwa maabara duniani vimevizidi vile vinavyooshwa kutoka tumboni, na sasa vinapita milioni moja kwa mwaka. Brazili ni miongoni mwa vinara, na huko wanaitumia kwa ng'ombe wenye nundu, jamaa wa karibu wa zebu wetu.

Kwa hiyo tunazungumzia mamilioni ya wanyama. Wengi wao, nalisema mapema ili mtu asizime redio akiwa na hofu, ni wazima, wanakula, wanazaa na wanakamuliwa.

Lakini miaka ya 1990 kulitokea jambo lililowashtua watafiti. Huko Uskoti, Uholanzi na kwingineko, kondoo na ng'ombe waliobeba viinitete vya maabara walianza kuzaa watoto wakubwa kupita kiasi. Mimba zilipitiliza siku zake. Uchungu ulikuwa mgumu, mara nyingi ikabidi kupasua. Baadhi ya watoto walikuwa na ulimi uliovimba, ngiri ya kitovu, viungo vya ndani vikubwa kuliko kawaida, na wengine walishindwa kupumua vizuri wakafa mapema. Mwaka 1998 Lorraine Young, Kevin Sinclair na Ian Wilmut waliyakusanya matukio hayo katika andiko moja, na tatizo likawa na jina linalotambulika: maradhi ya watoto wakubwa.

Wakaanza kutafuta chanzo, na kidole kikaelekezwa kwenye majimaji ya kulelea. Maabara nyingi wakati huo zilitia humo seramu ya damu ya ndama, au zilikilea kiinitete pamoja na seli nyingine ili kisitawi. Kilisitawi kweli, kupita kiasi. Mwaka 2001 Young na wenzake walionyesha kwa kondoo kwamba wale wakubwa walikuwa na hitilafu katika jeni moja ambayo kazi yake ni kukipunguza kichocheo cha ukuaji mwilini. Jeni yenyewe ilikuwa salama. Kilichopotea ni alama iliyokaa juu yake.

Hapa nipeni dakika moja, maana ndipo penye kiini cha mambo. Karibu kila seli ya mnyama ina jeni zake zote, lakini haizitumii zote. Juu ya jeni kuna vialama vidogo vya kikemikali viitwavyo methili, vinavyosaidia kuamua ipi isomwe na ipi inyamaze. Ni kama daftari la mapishi ambalo baadhi ya kurasa zake zimebanwa kwa klipu: mapishi yapo, ila mpishi hayafikii. Sasa, katika siku chache baada ya yai kurutubishwa, kiinitete hufuta sehemu kubwa ya alama kilizorithi kwa mama na baba, huzilinda chache maalumu, kisha huanza kuandika zake upya. Kazi nyeti kama hiyo, ikifanyika kwenye majimaji yenye chumvi, sukari na hewa tofauti na ya mirija ya uzazi, inaweza kukosewa. Na alama ikikosewa katika seli chache za mwanzo, seli zote zitakazotokana nazo zinaweza kurithi kosa hilo.

Maabara zilijirekebisha. Nyingi ziliacha seramu, zikarudi kwenye majimaji yaliyobuniwa kwa kuiga yale ya mirija ya uzazi ya kondoo, ambayo yalikuwa yameandikwa tangu mwaka 1972 lakini hayakuwa yamepewa nafasi yake. Zikapunguza oksijeni ifike karibu asilimia 5, maana ndani ya tumbo hakuna hewa nyingi kama ya chumbani. Ndama wa kutisha wakapungua sana. Kwa haki niongeze kwamba Rocío Rivera na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri wameonyesha kuwa maradhi haya hutokea pia, mara chache, kwa ndama waliotungwa bila maabara.

Wengi walidhani kesi imekwisha: ndama anazaliwa na uzito wa kawaida, basi yuko salama. Mimi nadhani hapo ndipo swali kubwa linapoanza, kwa sababu uzito wa kuzaliwa ni kitu unachokiona kwa macho, ilhali umetaboli, yaani namna mwili unavyokivunja chakula na kukigeuza kuwa nguvu, nyama, mafuta au maziwa, unafanya kazi gizani. Hitilafu yake inaweza kungoja miaka.

Ushahidi unaonigusa kuliko wote ulitolewa mwaka 2007 na kundi la Kevin Sinclair, yule yule wa andiko la 1998. Walichukua kondoo majike waliokomaa wakawalisha chakula kilichopungukiwa kobalti na salfa, tangu majuma manane hivi kabla ya kupandishwa hadi siku ya 6 ya mimba. Kobalti ndiyo malighafi ambayo vijidudu vya tumboni mwa mnyama anayecheua huitumia kutengeneza vitamini B12, na salfa wanaihitaji kuunda methionini. Bila hivyo viwili, mwili unapungukiwa methili, vile vialama nilivyovitaja. Siku ya 6 viinitete vilitolewa na kupandikizwa kwa majike wengine waliolishwa vizuri tangu mwanzo. Maana yake ni kwamba upungufu uliwagusa watoto hao kwa siku sita tu za uhai wao, na kabla ya hapo uliligusa yai lililowazaa. Siku nyingine zote, tumboni na baadaye malishoni, hawakukosa kitu.

Walizaliwa na uzito wa kawaida kabisa. Mtu yeyote angewaona pale zizini angesema ni wazima. Lakini walipokomaa, wakiwa wanakaribia miaka miwili, walikuwa wazito na wenye mafuta zaidi ya wenzao. Miili yao, hasa ya madume, iliikaidi insulini, ile homoni inayoiingiza sukari ya damu kwenye misuli. Shinikizo lao la damu lilikuwa juu. Na watafiti walipochunguza sehemu 1,400 za vinasaba vyao, asilimia 4 zilikuwa na alama zilizobadilika. Siku sita! Nimewahi kuyasimulia haya kwa wafugaji, na kila mara kimya kinatanda.

Wasikilizaji wa Bonde la Ufa watalielewa hili kuliko mimi. Kobalti si jambo la vitabuni huko. Kandokando ya Nakuru, enzi za ukoloni, ng'ombe walikonda na kufa penye majani tele, na ugonjwa ukapewa jina la mji wenyewe kabla haijajulikana kwamba udongo ulikosa kobalti. Walipopewa madini hayo walipona. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya siku za mwanzo za kiinitete, maabara ni sehemu moja tu ya habari. Ng'ombe anayetolewa mayai akiwa amekonda, hana chumvi ya madini, au ametoka kuzaa juzi na mwili wake unajila wenyewe ili utoe maziwa, tayari yai lake limebeba kitu.

Sasa nigeukie upande wa faraja, na ili nifike huko nipitie kwa Dolly, yule kondoo wa kunakiliwa, ambaye kiinitete chake nacho kilitengenezwa maabara, maana kila mtu anamjua. Dolly alizaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin, Uskoti, kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mzima. Mayai 277 yaliunganishwa na seli hizo, yakatoa viinitete 29, na kati ya hivyo vyote akapatikana mwanakondoo mmoja. Alizaa wana sita kwa njia ya kawaida. Mapema mwaka 2002 ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa viungo, na Februari 2003 akalazwa usingizi wa milele kwa sababu ya uvimbe wa mapafu unaosababishwa na virusi, ugonjwa unaowapata kondoo wengi wanaoishi ndani. Alikuwa na umri wa miaka sita na nusu. Dunia ikahitimisha kwamba mnyama wa kunakiliwa huzeeka mapema.

Keith Campbell, mmoja wa waliomtengeneza Dolly, alihamia Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, na huko aliendelea na kazi yake. Mwaka 2007 walizaliwa kondoo wanne kutokana na seli zile zile za kiwele zilizomzaa Dolly: Debbie, Denise, Dianna na Daisy. Campbell alifariki mwaka 2012, akaliacha kundi lake malishoni. Sinclair na wenzake wakafanya jambo ambalo kwa maoni yangu lilistahili kufanywa miaka mingi kabla: waliwaacha wazeeke, kisha wakawapima. Kondoo 13 wa kunakiliwa, wakiwemo wale wanne, wa umri wa kati ya miaka 7 na 9, umri ambao kwa kondoo ni uzee. Walidungwa glukosi na damu yao ikapimwa tena na tena kuona inavyoishughulikia. Insulini ilipimwa. Shinikizo la damu lilipimwa. Viungo vyao vilipigwa eksirei na kuchunguzwa kwa mashine kubwa za hospitali. Matokeo yalichapishwa Julai 2016, miaka ishirini baada ya Dolly kuzaliwa. Sukari yao ilikuwa sawa. Insulini sawa. Shinikizo sawa. Baadhi walikuwa na dalili za viungo kuchakaa, nyingi zikiwa ndogo, na hakuna aliyekuwa akichechemea. Mwaka uliofuata mifupa ya Dolly mwenyewe, iliyohifadhiwa Edinburgh, ilichunguzwa upya, na haikuonekana kuchakaa kuliko inavyotarajiwa kwa kondoo wa rika lake.

Nilifurahi niliposoma habari hiyo, na bado nafurahi. Ila nimejifunza kuisoma pamoja na ile ya 2007 ya upungufu wa kobalti, na zote mbili nazipokea kuwa kweli. Kondoo 13 ni wachache. Tena ni wale waliofika: katika kunakili, viinitete vyenye kasoro kubwa hufa kabla ya kuzaliwa, kwa hiyo anayezeeka amekwisha kupita chujio kali. Na zaidi ya yote, kondoo wale waliishi maisha ya raha. Walilishwa vizuri, hawakudaiwa lita 30 za maziwa kwa siku.

Hebu mfikirie ng'ombe wa maziwa. Lita moja ya maziwa ina takriban gramu 48 za laktosi, na laktosi hiyo inatengenezwa kutokana na glukosi ya damu yake. Anayetoa lita 30 anamimina kwenye ndoo karibu kilo moja na nusu ya sukari kila siku, na chakula anachokula hakimpi glukosi moja kwa moja, ini lake ndilo linaloitengeneza. Majuma ya mwanzo baada ya kuzaa, mwili wake uko ukingoni. Hapo ndipo homa ya maziwa, ketosisi na ini kujaa mafuta vinapobisha hodi. Kama kuna udhaifu uliojificha katika namna mwili unavyotumia sukari na mafuta, utajitokeza katika majuma hayo, si malishoni Nottingham. Na dalili ndogo zimeanza kuonekana: mwaka 2017 kundi la Peter Hansen wa Chuo Kikuu cha Florida lilichapisha kwamba ng'ombe waliotokana na viinitete vya maabara, kwa mbegu zilizogandishwa, zikayeyushwa na kuchambuliwa jinsia ndipo zikatumika, walitoa maziwa pungufu katika uzao wao wa kwanza kuliko wenzao wa uhimilishaji. Waliotengenezwa maabara kwa mbegu za kawaida hawakuonyesha pengo hilo waziwazi. Kwa hiyo neno "maabara" peke yake halitoshi. Inategemea mbegu, majimaji, hewa, na mikono iliyofanya kazi.

Mtu ataniuliza, je, maziwa na nyama ya wanyama hawa ni salama kwa mlaji? Ndiyo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwachunguza hata waliokuwa wa kunakiliwa, na Januari 2008 ikahitimisha kwamba nyama na maziwa ya ng'ombe, nguruwe na mbuzi hao havina tofauti na vya wengine. Wasiwasi wangu unamhusu mnyama mwenyewe, na mfugaji aliyetoa fedha zake kumnunua.

Kwa nini basi ushahidi wa uzeeni ni haba hivi? Kwa sababu katika nchi zinazotengeneza viinitete vingi, mnyama hazeeki. Dume la nyama linachinjwa kabla halijafika hata miaka miwili au muda mfupi baadaye. Ng'ombe wa maziwa wa mashamba makubwa huondolewa baada ya mizao michache, kisha anapakiwa kwenye lori. Swali la afya ya miaka kumi halimhusu mwenye shamba kule.

Linatuhusu sisi. Katika zizi la mama wa Rungwe au la mzee wa Kiambu, ng'ombe mmoja hukaa miaka kumi na zaidi, ana jina, na karo ya watoto inatoka kwenye kiwele chake. Halafu mazingira yetu yana kiangazi: miezi ya majani makavu, kisha mvua na majani mabichi ghafla. Mwili wenye hitilafu ndogo ya kuhifadhi na kutumia nguvu utajulikana hapa kuliko kwenye banda la Ulaya ambako chakula ni kile kile mwaka mzima. Na teknolojia imekwisha kutufikia. Nairobi, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, alizaliwa Tumaini, ndama dume wa Boran aliyenakiliwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Roslin, kama hatua ya kuelekea ng'ombe watakaoweza kuhimili ugonjwa wa ndorobo unaoenezwa na mbung'o. Viinitete vilivyogandishwa vinauzwa. Ni jambo jema, nami naliunga mkono, kwa sababu mfugaji mdogo hana miaka ishirini ya kusubiri kuboresha kosaafu kwa dume la jirani.

Lakini angalia kinachotokea baada ya kuzaliwa. Kwenye mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ndama jike wa kwanza anakwenda kwa familia nyingine, na wa huyo kwa nyingine tena. Baada ya mikono mitatu hakuna anayekumbuka mama wa kwanza alitoka wapi. Ng'ombe akipata ketosisi kila anapozaa, tutasema chakula kilikuwa duni, na pengine ni kweli. Lakini kama katika wilaya nzima ni mabinti wa kundi moja la viinitete wanaoanguka, nani atagundua?

Tanzania tumeanza kuwavisha mifugo hereni za kielektroniki, kila mnyama na namba yake. Namba hiyo inabeba umiliki na chanjo. Nawaomba wenye mamlaka, wa hapa na wa nchi jirani, waiongezee taarifa moja fupi: mimba ilitungwaje. Dume, uhimilishaji, uhawilishaji, maabara au kunakiliwa. Kama ni maabara, ipi na mwaka gani.

Na wewe mfugaji unayefikiria kununua kiinitete, usitie saini kabla hujauliza. Mayai yalitolewa kwa ng'ombe wa umri gani, na alikuwa katika hali gani ya mwili siku hiyo? Majimaji ya kulelea yana seramu au hayana? Kati ya ndama waliokwisha kuzaliwa kutokana na maabara hiyo, wangapi walihitaji msaada wakati wa kuzaa? Muuzaji mwaminifu atakujibu bila kununa. Jike utakayempandikizia mpe chumvi ya madini miezi miwili kabla, si siku ya kupandikiza. Ndama akizaliwa, mpime uzito siku hiyo hiyo, na kama huna mizani tumia utepe wa kifua. Andika mimba ilichukua siku ngapi. Mtamba huyo atakapozaa naye, mpime mkojo kwa kile kikaratasi cha ketosisi katika wiki ya kwanza na ya pili, hata kama anaonekana mzima. Na siku atakapoondoka zizini, awe ameuzwa, amekufa au amechinjwa, andika umri wake na sababu, kisha mpelekee afisa mifugo wa kata nakala.